Sahani Moja, Chumvi Mbili

Jumapili, 3 Agosti

Na tena si kwamba ananibembeleza tu kwa sababu ndoa bado mbichi, kama anavyodai Mama Angèle wa nyumba ya pili. Hapana. Leo baada ya misa Séraphin alinisubiri nje na viatu vyangu vya zamani ndani ya mfuko. Alijua vipya vinanibana! Wanaume wenzake wakamcheka, eti fundi wa kuchomelea vyuma amegeuka mbeba viatu. Akacheka nao, akainama, akanivalisha. Mbele ya watu wote!

Miezi minne. Bado tunakula sahani moja. Mama Angèle anasema tutaacha kabla ya Noeli, watu wote huacha. Tutaona.

Leo ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Na chumvi ya Mama Kabedi, mama mkwe wangu, ile ya kijivu. Séraphin anaapa hakuna chumvi nyingine inayoingia ndani ya sombe namna ile. Mama yake anaichemsha mwenyewe kule Lubudi, kutoka kwenye udongo wa bondeni. Alipokuja kuniwashia moto wa jiko baada ya arusi, alinipa chungu kizima. Kwao ndivyo ilivyo. Mwaka mzima bibi arusi hamtilii mumewe chumvi nyingine. Mwaka ukiisha mama anakuja, anakula chakula cha mkono wa bibi arusi, kisha anamwambia: sasa nunua yako. Mke anayeacha kabla ya hapo ni kama amemtoa mama mkwe nje ya nyumba.

Mimi niache? Nampenda sana mama yule. Mpole, mwembamba, kitambaa shingoni hata jua likiwaka. Siku ya arusi aliniita mwanangu kabla sijamsalimia.

Jambo jingine. Siku kumi na moja nimechelewa. Sijamwambia Séraphin. Naogopa hata kuliandika — lakini nimeliandika!

Jumanne, 5 Agosti

Mwanamke wa kituo cha afya amepita nyumba kwa nyumba. Alhamisi akina mama wote waende wakapimwe damu na shingo. Kila mmoja abebe kijiko cha chumvi ya jikoni kwake, ndani ya karatasi. Mama Angèle anauliza kama wanapika mboga huko.

Alhamisi, 7 Agosti

Tulikuwa arobaini na sita. Nimehesabu kwa sababu nilikaa mwisho.

Kwanza kidole, tone la damu. Halafu muganga wa kituo, Muteba, anasimama nyuma yako, anakushika shingo kwa vidole viwili viwili, anasema meza maji. Mama Angèle akasema tangu aolewe hakuna mwanaume aliyemshika shingo kwa upole namna hiyo. Tulicheka hadi Muteba akapoteza hesabu, akaanza tena.

Shingo saba zilikuwa na rovu, ule uvimbe wa koo. Saba! Kuna dada mmoja ninayemwona kila siku bombani, sikujua. Wenye damu kidogo kumi na mmoja. Wenye sukari wawili, na mmoja wao alikuja amebeba soda. Muteba anasema hapa mjini ni afadhali. Kwenye vijiji vya upande wa Lubudi, walipopita mwezi wa tano, karibu kila nyumba ina mtu mwenye rovu, na watu wanaona ni kawaida tu, kama kuwa mrefu au mfupi.

Kisha chumvi. Karatasi zote zimepangwa mezani, tone moja la dawa juu ya kila moja. Zinageuka buluu, kama wino wa shule. Ya Mama Angèle buluu. Ya dada wa bombani buluu. Yangu — hakuna kitu. Akaweka tone la pili. Ikalowa tu, basi.

Akaniuliza taratibu nimeinunua wapi. Nikasema sokoni. Nimemdanganya muganga! Sikutaka jina la mama litajwe kwenye meza ile, mbele ya watu wale.

Akatueleza. Chumvi ya dukani wanaitia iodi, kitu kidogo sana ambacho mwili unakitaka. Kikikosekana shingo inavimba. Na mwanamke mwenye mimba anakihitaji kuliko wote, kwa sababu mtoto anaanza kukitumia hata mama hajajua kama yupo. Akikikosa sana, mimba inaweza kutoka. Au mtoto anazaliwa lakini akili au masikio hayafunguki vizuri.

Siku kumi na tano sasa.

Nimerudi peke yangu, polepole. Shingo yangu nzuri, wamesema. Lakini njia nzima nilikuwa nafikiria kile kitambaa cha mama.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenunua pakiti ya chumvi. Nimeificha ndani ya ndoo ya maharage, kama mwizi.

Nimepika vyungu viwili. Chake kwa chumvi ya mama, changu kwa ya dukani. Sikuweza kumtilia ile nyingine bila yeye kujua, ni mama yake. Na sikuweza kuila ile ya mama. Basi nikamwambia nimeshakula, nilikuwa na njaa. Akaitazama sahani. Akala nusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimesema tumbo linauma. Alitoka akaninunulia ndizi. Amezimenya zote, akaziweka mbele yangu, akaenda kazini Mutoshi bila kunywa chai.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumapili, 10 Agosti

Yamefunguka.

Baada ya misa niliandaa mezani, sahani moja, yake peke yake. Hakunawa mikono. Alikaa akiniangalia. Halafu akasema:

— Abi, nilikukosea nini? Sema tu. Mutu mwenye kukatala kula na bwana yake, iko na kitu mu roho.

Nilifikiri atakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa anaogopa! Mwanaume anayeshika moto siku nzima, mikono imejaa makovu, anaogopa kwamba nimemchoka. Nikalia. Nikamwambia yote, ovyo ovyo, mwisho kwanza: kwamba nimechelewa siku kumi na nane, kwamba labda yupo mtoto, kwamba chumvi haikugeuka buluu, kwamba nimeficha pakiti kwenye maharage.

Kwenye neno mtoto alisimama. Alinishika uso. Sitaandika alichosema, nitakiweka mwenyewe.

Halafu akakaa tena. Akachora meza kwa kidole hadi chakula kikapoa. Nilidhani ni kwa sababu ya heshima ya mama yake. Kumbe si hiyo.

— Mbele yangu kulikuwa batoto batatu, akasema. Bawili balitoka mbele ya wakati. Mumoya alizaliwa, akakaa siku ine. Batu ya kwetu balisema mama iko na kitu mubaya mu tumbo, buchawi. Tata, bwana yake, alikuwa karibu kumufukuza.

Miezi minne nimelala kando yake, sikujua.

Akasukuma ile sahani. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama ni chumvi iliyowaua. Nikasema sijui. Tulikula ndizi zilizobaki, kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Tumekwenda wote wawili kwa Muteba. Yupo! Mtoto yupo! Muteba akampa Séraphin mkono kama amefaulu mtihani wa serikali, na mimi niliyebeba nikapewa vidonge vya damu. Nimecheka.

Nilikiri uongo wangu wa sokoni. Akasema alijua tangu siku ile, hakuna duka linalouza chumvi ya kijivu. Ile iliyobaki kwenye karatasi yangu ameihifadhi kwenye chupa.

Chumvi niliyokula miezi hii minne isinitie hofu, alisema. Shingo yangu haina kitu, na kabla ya ndoa nilikula ya dukani maisha yangu yote. Ninunue ya pakiti, nifunike vizuri, niitie chakula kikiwa karibu kuiva.

Séraphin alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Mwishoni akamweleza habari ya wale watatu na maneno ya watu wa kwao, akauliza kama ni chumvi. Muteba hakujifanya anajua. Nimempenda kwa hilo. Alisema hakuna mtu anayeweza kujua leo. Huenda ilikuwa malaria, huenda damu, huenda iodi, huenda yote pamoja. Kisha akafungua daftari lake la vijiji vya kule, akatuonyesha kurasa. Rovu, rovu, mimba imetoka, rovu. Nyumba kwa nyumba. Akaweka kidole juu ya ukurasa:

— Huyu si mama yako peke yake, tata. Ni inchi muzima. Udongo wa kule hauna iodi, njo vile. Hakuna mutu aliye na kitu mubaya mu tumbo.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na bomba Séraphin akasimama. Akasema: miaka thelathini wamemwita mchawi, na jibu liko kwenye daftari. Nikasema basi tumwambie! Akasema ndiyo, lakini ukimwambia hana laana, itabidi umwambie pia kuhusu chumvi. Na ile chumvi aliichemsha kwa mikono yake, akawapa watu wote aliowapenda.

Nilimshika mkono tu. Njiani, mchana, watu wakiona. Hatujali.

Jumamosi, 16 Agosti

Tunakula sahani moja tena, chumvi ya pakiti. Séraphin ndiye aliyekifunga chungu cha mama. Hakukimwaga. Amekifunga kwa karatasi na uzi, akakiweka juu ya kabati.

Mchana mama amepiga simu. Séraphin alishindwa kujizuia, akamwambia habari ya mtoto. Nilisikia vigelegele vya mama hadi nilipokuwa nimesimama, mlangoni! Alimshukuru Mungu kwa majina yake yote. Halafu akashuka sauti. Akasema jana amerudi bondeni. Amechemsha chumvi mpya, amechuja mara mbili, nyeupe kuliko ile yetu. Sasa itakuwa ya mtoto. Jumanne anaipakia kwenye lori la mtu wa kwao.

Séraphin akanipa simu, akageuka kuutazama ukuta.

Tulikuwa hatujaelewana nani atasema. Yeye anasema ni kazi ya mwana. Mimi nasema ni ya mwanamke kwa mwanamke. Na hata maneno yenyewe hatuna bado. Mama akaniita mwanangu. Akauliza kama ile ya kwanza ilinitosha. Nikasema bado ipo, mama. Ni kweli, ipo.

Nikamwambia asiipakie. Akauliza kwa nini.

— Juu tunakuya sisi wenyewe, mama. Tunataka kukaa na weye, tusemezane. Mbele ya mwezi huu kuisha, utatuona.