Twiga wa Kolo Hanywi Maji ya Chupa

Mdogo wangu Zaina,

Natumai goti lako limetulia na hapo Majengo mko salama. Huku Kolo jua ni kali, ila hasira yangu imelizidi.

Leo nilipanda mlimani kuona michoro ya kale ya mwambani. Nikamkuta binti anayefanya kazi kwenye makumbusho moja ya mjini. Kila siku wanaweka mtandaoni picha za mada moja, na ya leo ilikuwa twiga. Jambo jema! Kumbe ili mchoro ung'ae kwenye simu, binti anaumwagia maji ya chupa.

"Shikamoo bibi. Ukikauka hauonekani vizuri."

"Marahaba. Ukiendelea hivyo hautaonekana kabisa." Nikamweleza taratibu kwamba maji huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe, na chumvi hubandua rangi.

"Kidogo tu bibi, watu wanasubiri."

"Huyu twiga amesubiri tangu kabla ya babu wa babu yako!"

Nikaichukua chupa, nikayanywa maji yote mbele yake.

Kesho mada ni tembo, kwa hiyo sirudi nyumbani kesho; nitapanda tena mlimani kumlinda. Wasalimie wajukuu, na usiache dawa zako, mpenzi.

Dada yako,
Mwajuma