Sifuri Niliyompa Resiato

Endabash, 25 Oktoba

Kaka Clemensi,

Huku hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, na ng'ombe wetu amezaa.

Kaka, nimemharibia mtoto wa watu. Resiato, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, aliandika insha nzuri mno kuhusu ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yake. Sikuamini. Nikaiuliza akili mnemba kwenye simu, ikajibu kwamba imeandikwa na mashine. Nikampa sifuri mbele ya wenzake.

"Mwalimu, niulize chochote kilichomo," alisema akilia.

Sikumuuliza. Kesho yake hakuja shule.

Juzi niliipa simu insha niliyoiandika mwenyewe nikiwa chuoni. Ikasema nayo ni ya mashine.

Nasikia Resiato anafua mashuka kwenye kambi ya watalii hapo Engaresero, jirani na unapopika. Baba yake hapokei simu zangu, na zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa. Mtafute, kaka, nakusihi. Mwambie mimi ndiye niliyekosa, na jina lake bado limo kwenye orodha ya watahiniwa.

Akikataa kurudi, usinifiche.

Mdogo wako,
Bernadina