Kila Kitu Kimo kwenye Tikiti

Jumatatu, 7 Februari 1955
Nepi kumi na nane za pasi. Makaa mabichi, moshi tele machoni. Joni amemwaga uji mara mbili. Ana miaka miwili na bado ananing'ang'ania sketi kama kupe. Memsahib amerudia ile ahadi ya Krismasi: Aprili wanakwenda kwao Ulaya miezi sita, na mimi yaya wao ninakwenda, maana Joni hali bila mimi. Bwana aliitikia kwa kichwa, nyuma ya gazeti. Nyeri nzima hakuna yaya aliyepanda meli. Najisikia, sikatai.

Alhamisi, 10 Februari
Memsahib alikuja karoni na kitabu cha meli, akatueleza mimi na Wangari, mwanamke kutoka Tetu anayefua nguo hapa. Kutoka Mombasa, meli inasimama Aden saa chache tu kujaza mafuta. Wachuuzi wanaifuata kwa mashua, wanapandisha bidhaa kwa kamba na kikapu. Bei ya kwanza ni ya wajinga. Kisha Port Said, vilevile. Ukishuka, macho kwenye saa. Meli haimngoji mtu, hata awe nani.
Vinywaji: asubuhi maji ya machungwa. Saa tano, mchuzi wa nyama kwenye kikombe, nyama yenyewe hakuna. Sasa huo mchuzi wa nini? Saa kumi chai. Vyote vimo kwenye tikiti, halipi mtu. Bia na wiski ndivyo unalipa. Mimi nimeokoka, hayanihusu.
Wangari akacheka: "Ati kila kitu iko kwa tikiti? Hata yaya?" Nilicheka mpaka povu likaniingia jichoni. Memsahib alifunga kitabu akaingia ndani.

Jumapili, 13 Februari
Sikwenda kanisani. Nimeanza kumwachisha mwanangu Kageha ziwa. Mwaka mmoja na miezi miwili, mapema kwa desturi yetu Maragoli. Lakini memsahib alisema wazi: mtoto wangu hana nafasi melini. Nimejipaka shubiri. Alionja, akakunja uso, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Akajaribu tena. Nililia kuliko yeye.

Jumamosi, 19 Februari
Mama mkwe amemchukua Kageha. Ndivyo tunavyofanya: mtoto akiachishwa, analala kwa bibi mpaka asahau. Safari hii bibi yuko mbali, Maragoli. Baba Kageha yuko doria ya polisi ukingoni mwa msitu tangu Jumanne, kwa hiyo nimewasindikiza peke yangu stesheni ya Kiganjo. Mama mkwe alinikataza kupunga mkono. Mtoto asione mama anabaki. Nilijificha nyuma ya magunia ya viazi hadi gari moshi likaondoka. Maziwa yamelowesha blauzi.
Miezi sita tu. Nitamletea kitu kizuri cha Aden.

Jumatano, 2 Machi
Memsahib ana sheria mpya. Yeye mwenyewe ndiye atakayemlisha Joni. Joni akilia, nisiende. Nisimbebe mgongoni. Nisimwimbie. Ajizoeze, anasema, kwa sababu ya meli. Nimefikiri ni kwa sababu vyumba vya watumishi viko chini kabisa. Akili, nikasema. Leo amelia robo saa mlangoni akiniita, nami nimesimama jikoni na sufuria mkononi. Siku ya tano atazoea. Kageha alizoea siku ya nne.

Jumatatu, 7 Machi
Nimemkera Wangari bure. Nilikuwa namwelekeza Port Said, namna ya kukataa bei. Akaniambia polepole kwamba ameomba ruhusa ya kwenda soko la Karatina mara tatu, amenyimwa mara tatu. Tangu Emajensi, hii hali ya hatari, serikali imewahamishia kijiji chenye handaki na geti, na bila passbook, kile kitabu cha ruhusa, hata kuni haendi kutafuta. Mume wangu ni askari, kwa hiyo habari hizo hatuzigusi, tunazungumza meli. Mimi na Aden yangu! Nimeona haya.

Jumapili, 13 Machi
Akina mama wa kanisa wameniaga. Wamenizunguka, wameniwekea mikono kichwani, wameombea mawimbi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Wamenipa sweta ya sufu, rangi ya damu ya mzee, kila mmoja amefuma kipande chake. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Nimesimama mbele nikawahutubia habari za mchuzi wa saa tano. Mwenyezi Mungu nisamehe, nilikuwa na maringo.

Jumanne, 22 Machi
Tumefunga masanduku. Memsahib aliandika vikaratasi vya majina. Bwana. Memsahib. Joni. Kalamu akaifunika.
Nikauliza changu kiko wapi.
Hakugeuka. Alisema melini kuna chumba cha watoto na nesi Mzungu wa kuwaangalia, na yumo kwenye tikiti. "Nilikwambia, Dorika, kila kitu kimo." Tangu lini amejua? Tangu Januari, barua ya kampuni ilipokuja. Basi kwa nini? Hapo ndipo aliponiangalia, kwa upole kabisa. Angeniambia mapema, ningeondoka, na nani angemlea Joni mpaka Aprili?
Januari! Kageha alikuwa bado ananyonya.

Jumatano, 23 Machi
Nimemwambia. Nimesimama sebuleni na viatu vyangu miguuni nikamwambia: mimi nilimwachisha mwanangu kwa shubiri kwa ajili ya meli yako. Hakuelewa shubiri ni nini. Nikamweleza. Akasema pole, mtoto ana bahati kuwa na bibi. Nilitaka kumrushia pasi. Nikaenda kupiga nayo nguo zake, maana mshahara ni mwisho wa mwezi na wao ndio wenye nyumba ninayolala.
Mwongo. Mwongo mwenye sauti ya kanisani.

Jumapili, 27 Machi
Sikwenda kanisani. Ukishaagwa kwa maombi unarudi vipi, uketi benchi lile lile? Wangari alipita getini, akatoa viazi vitamu viwili kwenye kikapu, vya moto. Sikumweleza neno. Alisema tu, "Kula, mama Kageha." Kumbe jikoni wote wanajua.

Ijumaa, 1 Aprili
Wameondoka saa mbili asubuhi. Bwana ameniachia barua ya sifa: safi, mwaminifu, anapenda watoto. Memsahib ameniachia chupa nzima ya maji ya machungwa. Joni alipanda gari, akakaa, akatazama mbele. Hakulia. Hakuniita.
Kazi nimeifanya vizuri, basi. Sasa najua zile siku zote jikoni Joni alikuwa anaachishwa nini: mimi. Shubiri nilijipaka mwenyewe.

Jumapili, 17 Aprili
Nimerudi kanisani. Nimewaambia akina mama wote kwa pamoja, kabla hawajauliza. Mmoja aliguna. Nikataka kuwarudishia sweta. Wamekataa, ati iliombewa safari, na safari haijasema ni ya wapi. Baba Kageha ameandika kwao, mtoto aletwe.

Jumamosi, 23 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Gari moshi limechelewa kufika Kiganjo. Mama mkwe ameshuka na Kageha mgongoni. Mtoto ameota meno mawili mapya. Anatembea. Aliposhushwa chini nilinyoosha mikono, akazunguka akajificha kwenye rinda la bibi yake, akamwita Mama. Mama mkwe aliona aibu kwa ajili yangu. Akasema nisimkimbilie, nikae tu chini.
Nimekaa chini, kwenye sakafu ya stesheni. Nimemimina maji ya machungwa kikombeni, nimekiweka katikati yetu. Amekitazama kitambo. Amekuja, amechovya kidole, amekinusa kwanza kabla ya kuonja.
Kisha amekunywa chote. Nimemvika sweta, inamfika miguuni. Mkono wa kushoto nimeukunja mara nne, wa kulia mara tatu. Ameniacha nikunje.