Samadi ya Shemeji

Jumamosi, 4 Mei
Maharage ya kitaluni, kwenye kipande nilichokodi halmashauri, yana kasoro. Majani ya juu yamejikunja kama ngumi ya kichanga. Si wadudu — nimegeuza jani moja moja. Si baridi, baridi huunguza, haikunji. Kwa Ogden, mwenyekiti wa chama chetu cha vitalu, ni vivyo hivyo, na kwa jirani zake wawili.

Nimerudi nyumbani kimya. Maharage ya mke wangu, Noreen, hapo uani, kivuli nusu siku, udongo wenye kokoto tupu — yamesimama wima. Naye hakuliacha lipite. "Miaka ishirini na mitatu unaniambia ua si shamba. Haya, shamba lako linasemaje leo?"

Nimecheka.

Jumanne, 21 Mei
Vitalu tisa sasa. Majani ya nyanya yamekuwa membamba kama nyuzi, yanajisokota. Viazi hali moja. Na katikati ya msiba huo, kitalu cha Chohan, aliyejiunga nasi mwaka jana, kinang'aa. Maharage, uwatu, vitunguu saumu. Hakuna jani lililopinda.

Watu wanasimama kwenye waya wake, wanatazama, hawasalimu. Maureen, mwenzetu mmoja wa vitaluni, anasema amemwona na bomba la kupulizia. Nami nimemwona. Ni maji ya sabuni, ya vidukari, aliwahi kunionyesha. Ogden akasema mgeni wa mwaka mmoja hawezi kutushinda sote bila kutupulizia kitu.

Mgeni! Alikaa miaka sita kwenye orodha ya halmashauri akingoja hicho kipande.

Nilikuwepo. Nikaendelea kupalilia.

Alhamisi, 6 Juni
Kuna vikopo vinne kwenye dirisha la jikoni. Noreen alipanda lini, sijui. Viwili vina udongo wa uani. Viwili amechanganya na samadi iliyobaki nyuma ya kibanda changu kitaluni — alikwenda kuichota bila kuniambia. Kila kopo maharage matatu.

Ya udongo mtupu yameota vizuri. Ya samadi yamejikunja.

Alikuwa anamenya viazi.

Samadi hiyo niliileta mimi, Machi, kwa tela, safari nne, kutoka kwenye zizi la farasi la Desmond, kaka yake Noreen. Niliwagawia wenzangu. Walinishukuru sana, Ogden akanipigia makofi mkutanoni. Nimekaa nikawahesabu kwa vidole. Tisa, na mimi mwenyewe ndani yake.

Noreen alikataa isiingie uani, eti harufu. Chohan naye alikataa. "Ahsante kaka, natengeneza yangu."

Jumatano, 12 Juni
Nimempigia shemeji. Nimemuuliza nyasi kavu za farasi alizitoa wapi. Kwa mkulima mmoja huko juu, upande wa Yorkshire. Walipulizia dawa ya magugu? Bila shaka, shamba lilijaa mibaruti. "Farasi wamekula, hawajadhurika. Wewe una wasiwasi gani?"

Nikamwambia nimesoma kwamba dawa hiyo inapita tumboni mwa farasi, inatoka nzima kwenye samadi. Akajibu polepole: "Usinitaje, Cliff. Watu wanachukua samadi kwangu wilaya nzima."

Noreen alikuwa mlangoni. Amesikia yote.

Jumatatu, 17 Juni
Maharage ya Chohan yamekatwa. Yote, mistari mitano, shinani, kwa kisu kikali.

Nilimkuta asubuhi amepiga magoti, anafunga mashina kwenye fimbo zake kana kwamba yatashika tena. Nikamsaidia mawili matatu. "Kaka," akaniambia, "ningelijua kosa langu, ningeomba radhi."

Ogden alinikamata getini. Jumapili wanapiga kura ya kumnyang'anya kitalu. "Wewe ndiye mkongwe. Ukinyoosha mkono, wengine watakufuata." Nikamuuliza nani kakata. Akafunga geti kwa kufuli, taratibu, akasema hakuona mtu.

Kisu chake cha kupogolea hakikuwa kiunoni. Huwa hakitoki.

Jumamosi, 22 Juni
Desmond kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Noreen kapokea ya nne, akasikiliza, akakata.

"Ni damu yangu," akaniambia, "na bado nakwambia. Usiposema wewe, nitasema mimi." Kisha akatoka kumwagilia ua wake.

Wakijua, mimi ndiye nitakayetoka. Sawa, nina ua, nitapanda kwenye kokoto za mke wangu. Lakini kuna watu pale wamekula viazi na mimi maisha mazima. Watapita barabarani wasinitazame. Kama wanavyompita Chohan.

Jumapili, 23 Juni
Mkutano saa nne na nusu.

Saa tatu mlango uligongwa. Chohan, amevaa suti na kilemba cha buluu. Noreen akamtilia chai. Anaomba nimsemee, kwa sababu mimi peke yangu bado namsalimu. Akautazama ua dirishani, akamwambia Noreen, "Nyinyi mna hapa, dada. Sisi tuko ghorofa ya nne. Kibaraza cha zege, upana wa mlango."

Nikamwambia nitasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuliza nitasema nini.

Nimepanda huku juu, eti natafuta miwani. Wako kwenye gari wananingoja, yeye kakaa nyuma. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Yalianza: Ndugu zangu, mimi nilikuwa sijui. Nimeyafuta. Tangu lini sijui? Tarehe ziko humu humu, kwa mwandiko wangu. Tarehe sita nilijua. Maharage ya Chohan yalikatwa tarehe kumi na saba.

Naanza upya. Ndugu zangu, mimi

Noreen anapiga honi.