Mifupa ya Yerusalemu

Kibimba, Ngara
19 Aprili 2007

Mpendwa ndugu yangu Leonidas,

Amani ya Kristo Mfufuka ikufikie huko Muyinga, wewe na Clarisse mkeo na watoto, ambao nasikia wameshakupita kwa urefu, jambo ambalo halikuwahitaji jitihada kubwa. Sisi huku ni wazima, kadiri mtu mwenye goti bovu na maharage yaliyozidiwa na mvua anavyoweza kujiita mzima. Mke wangu Domisiana anakusalimu sana. Anauliza kama bado unaimba besi hata pale ambapo hakuna aliyekuomba. Mfikishie baba yako, mzee Ciza, shikamoo yangu, na umwambie marahaba yake nimekwisha kuipokea kabla hajaitamka, maana namjua, hachelewi.

Najua umeshaanza kununa. Barua yako ilinifikia juma la pili la Kwaresima, mkononi mwa Fabrice, aliyevuka mpaka kuja kuuza maharage mnadani, na mpaka leo Pasaka imepita sijakujibu. Usidhani nimekusahau. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Unasema mzee anazidi kudhoofika, kwamba ameshachagua mahali pake pembeni mwa kahawa, na kwamba amekataa kabisa kulala hapo peke yake. Unasema umeshapata kibali cha wakubwa wa pande zote mbili, na fundi ameshatengeneza sanduku la mbao za mgrevilea lenye jina la mama yako Josefina, na Julai, nchi ikikauka, utakuja ili nikuongoze mpaka kwenye kaburi lake tumchimbue umrudishe kwa mumewe. Umeniomba jambo moja tu, nikujibu kama Julai nitakuwepo. Mtu yeyote angejibu kwa mstari mmoja. Mimi nimeshindwa, na ili uelewe kwa nini, itabidi nikupitishe kwanza Yerusalemu. Vumilia.

Sijui kama habari hizi zilifika kwenu. Huku zililetwa na redio, kisha Mwalimu Mihayo wa sekondari, yule Msukuma mpenda magazeti, akazishikia bango. Inasemekana kuna wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua kaburi moja huko Yerusalemu miaka zaidi ya ishirini iliyopita, wakakuta masanduku ya mawe ambayo watu wa zamani walihifadhia mifupa. Sasa wametokea watu wametengeneza filamu, wanadai sanduku moja limekwaruzwa jina la Yesu mwana wa Yosefu, na jingine Maria, na kwamba hiyo ni familia yenyewe. Mihayo alisema pia kwamba wataalamu wengi wanapinga, lakini hilo alilisema kwa sauti ndogo, maana ubishi haunogi ukiupunguza.

Wakati huo nilikuwa na wakatekumeni kumi na tisa wa kubatizwa usiku wa Pasaka, nusu wa hapa kijijini, nusu ndugu zenu waliobaki katika kambi ya wakimbizi. Fikiria, Leonidas, nimewafundisha miaka miwili kwamba kaburi lilikutwa tupu, na wiki nne kabla ya maji, redio inawaambia kaburi limekutwa na mifupa. Gidioni muuza chumvi aliacha kuja. Alimwambia mke wangu sokoni kwamba atasubiri kwanza watu wa Yerusalemu wamalizane. Wengine walikuja lakini waliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Wewe unanijua, napenda kuwa na jibu. Safari hii sikuwa nalo, na nilikasirika kama mtu aliyeulizwa na mtoto mbele za watu.

Lakini aliyenichanganya zaidi ni Iteka, yule mjane wa mtaa wa chini kambini, ambaye binti yake yumo katika makaburi yetu na mumewe alipotelea mtoni mlipokuwa mkikimbia vita. Yeye hakuonekana kushtuka. Aliposikia kwamba kuna sanduku lenye jina, alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba basi Bikira Maria amepata nafuu, amejua mwanawe alipo, na akauliza sisi tunalia nini. Wenzake walicheka. Mimi nilimrekebisha kwa ukali, nikamweleza kwamba mifupa hiyo ikiwa ya kweli imani yetu ni bure, Mtume Paulo ameandika hivyo hivyo. Baadaye ndipo nikawaza kwamba huyu mama angetoa kila alicho nacho apate kaburi moja la mumewe lenye jina. Nikaona haya, lakini sikurudi kumwambia.

Nilikwenda parokiani kwa Padri. Yeye hakutikisika. Alinicheka kidogo, akasema majina hayo Yerusalemu ya wakati ule yalikuwa mengi kama akina Josefina wa parokia hii, anao kumi na mmoja kwenye kitabu cha ubatizo na watatu wameolewa na akina Yosefu. Akaongeza kwamba jina juu ya kaburi halituambii nani yumo ndani, linatuambia tu kwamba kuna mtu aliandika. Na huyo mwandishi huenda alikuwa na haraka, huenda alitajiwa vibaya, huenda alikosea sanduku. Nilirudi Kibimba na baiskeli yangu nikiwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimepata jibu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikaa nje ya kigango. Mihayo alikuwepo, na watu walijua kutakuwa na mchezo, hakuna aliyeondoka. Nikamwaga yote ya Padri na ya kwangu nikaongeza. Mihayo akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Aliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu atakosea jina la maiti aliyemzika mwenyewe. Watu wakaguna, lilikuwa swali zuri. Nami bila kufikiri nikajibu kwamba hutokea, nimeona kwa macho yangu. Akauliza ni wapi nimeona. Leonidas, sikuthubutu kupataja. Nilijibu kwa mzaha, kwamba hata yeye mwalimu huwaita watoto wa darasa lake kwa majina ya wenzao na bado hajawazika. Watu wakacheka mpaka wakapiga makofi, ubishi ukanihesabia ushindi, na wiki hiyo Gidioni akarudi darasani. Pasaka walibatizwa wote kumi na tisa. Kila mtu alinisifu kwamba nimeokoa Pasaka ya Kibimba.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa ninakuzungusha kurasa zote hizi. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha miaka tisa.

Unakumbuka mvua zile kubwa za mwishoni mwa mwaka tisini na saba. Mama Josefina alifariki kwa kipindupindu tarehe kumi na tatu Desemba, wewe ukiwa umelazwa katika hema la wagonjwa na dripu mkononi, humjui anayekuja wala anayeondoka. Mzee wakati ule alikuwa bado ng'ambo, hamjui hata kama yu hai. Watu wa afya hawakuruhusu ndugu yeyote kusogelea mazishi, tulikuwa wazikaji wanne na mimi wa kusali. Siku nyingine tulizika asubuhi na jioni. Mama nilimsalia mwenyewe, nilimnyunyizia maji ya baraka, nilisimika msalaba wa fito wenye jina lake. Hayo yote niliyokusimulia ni kweli, sikukudanganya hata neno.

Ambalo sikukusimulia ni la wiki mbili baadaye. Mvua ililaza udongo, vichuguu vyote vya safu ile ya makaburi vikawa sawa na ardhi, misalaba ikaanguka. Na kuni kambini hazikuwepo, unajua ilivyokuwa, kila kilichokuwa kikavu kilikwenda jikoni. Akina mama waliokota ile misalaba. Siwalaumu, walikuwa na watoto wa kupikia, na pengine hawakujua hata kusoma kilichoandikwa. Nilipofika nilikuta uwanja mtupu, maji yamesimama, na makaburi kumi na manne chini yake.

Nilikuwa na daftari langu la mazishi. Lilikuwa na jina na tarehe ya kila mmoja. Halikuwa na mahali. Sikuwahi kufikiria kuandika mahali, maana misalaba ilikuwepo.

Siku hiyo hiyo nikaambiwa kwamba wewe utatolewa hemani Jumamosi. Nikajua kitu cha kwanza utakachoniuliza. Nilimwomba fundi aliyekuwa akijenga ghala la chakula anipe vipande vya nondo, kwa sababu nondo haichomeki. Nikakata vibati kwenye madebe ya mafuta ya msaada, nikatoboa majina yote kumi na manne kwa msumari nikifuata daftari. Nikasimama kwenye lile tope nikijaribu kukumbuka. Nilikumbuka nafasi mbili, pengine tatu. Nondo zilizobaki nilizipanda tu, Leonidas, hatua mbili mbili, kama mtu anayepanda miche ya kahawa. Binti yake Iteka nilimpa nafasi ya kati kwa sababu kibati chake kilikuwa kidogo. Na mama Josefina nilimweka wa kwanza, pembeni mwa njia, kwa sababu wewe ulikuwa rafiki yangu na ulikuwa bado dhaifu, sikutaka ukanyage maji kumfikia.

Jumamosi nilikushika mkono nikakupeleka pale. Ulipiga magoti, ukalia, ukanishukuru. Nilipokea shukrani zako. Nilijiambia kwamba Mungu anajua aliko, na wewe unahitaji mahali pa kulilia, basi kuna ubaya gani. Mpaka leo sijui kama kulikuwa na ubaya. Kama mngeondoka wote bila kutazama nyuma, ningekufa na siri hiyo nikijiona mtu mwema. Lakini sasa unakuja na sanduku.

Ona basi nilivyonasa. Nikisema jina juu ya kaburi linaweza kukosea, nimemlinda Bwana wangu na yale masanduku ya Yerusalemu, lakini nimempoteza mama yako. Nikisema jina juu ya kaburi halikosei, mama yako ninaye, na sijui nimwambie nini Mihayo. Jibu langu lililowabatiza watu kumi na tisa ni dhambi yangu mwenyewe niliyoivalisha kanzu. Sijaacha kuamini, usinielewe vibaya. Asubuhi ya Pasaka niliimba aleluya na sauti haikunitoka kwa unafiki. Lakini nimechanganyikiwa kiasi kwamba nikisikia neno kaburi katika Injili nayaona yale madebe ya mafuta, na sijui kama anayeamini hivyo anaamini sawasawa. Wewe ulisoma seminari ndogo miaka miwili, labda unajua.

Jumatatu ya Pasaka tulikwenda makaburini kung'oa magugu, kama tunavyofanya kila mwaka, maana tunasikia kambi itafungwa na hatujui nani atayaangalia. Iteka alifagia kaburi la kati, akaweka maua ya manjano, akaniomba nimsomee sala. Nikasoma. Nilisikia jina la mtoto likitoka mdomoni mwangu juu ya ardhi ambayo huenda ni ya mzee fulani mwenye ndevu, na mama yake akaitikia amina kwa furaha kabisa. Yeye naye anarudi kwao Agosti, na hakusudii kuchimba, anasema anataka achukue udongo kidogo kwenye kitambaa. Nimwambie? Nisimwambie? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka kujisikia.

Padri sijamwambia bado. Najua angenisamehe, tena upesi, na nadhani ndiyo maana sikuanza kwake. Wa kwanza ilipasa uwe wewe.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu hivi. Julai nitakuwepo, nitakuja na jembe na sururu, na wale wazikaji wawili walio hai nitawatafuta, ingawa nilishawahi kuwauliza na hawakumbuki kuliko mimi. Ukitaka kuchukua wa pembeni mwa njia umpeleke kwa mzee chini ya jina la mama, nitachimba pamoja nawe, nitafunga sanduku, na mdomo wangu utafungwa nalo. Ukitaka mzee ajue, nitavuka mpaka nije nimwambie mimi mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti, usiachiwe wewe kazi hiyo. Ukitaka tusionane tena, nitakuelewa, ingawa nitaumia. Lolote utakalochagua nitalifuata. Jambo moja tu nakuomba usinitake nilifanye, kukushika mkono tena nikakuambia, huyu hapa mama yako. Mama yako simjui alipo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Domisiana ametuma kilo mbili za kahawa kwa Clarisse, Fabrice anazo. Yeye hajui nilichoandika humu. Mungu awalinde, na mzee ampe siku za kutosha kusubiri jibu lako.

Ni mimi niliyekukosea,
Matiasi,
katekista wa kigango