Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli, na usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Dalali anasema ile nyumba ya zamani ninayotaka kukununulia imepata mnunuzi mwingine. Na mwenye nyumba wako anataka chumba chake mwisho wa mwezi.

Nenda ukaikague, mama. Gonga milango usikie kama mchwa wameila. Fungua mabomba yote. Tazama dari kama ina madoa ya mvua. Rangi usiijali, hata mimi nikijipaka napendeza. Hela nilizonazo ni za kununua mara moja tu.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unaniuma asubuhi, ikifika mchana unasahau. Nimekwenda. Milango nimeigonga mpaka muuzaji akauliza kama namdai. Nimemwaga ndoo nzima bafuni, maji yakashuka bila kinyongo. Jikoni kuna doa la zamani darini, limekauka. Nyaya za umeme zimechakaa, hizo utazibadilisha. Imezeeka, lakini imezeeka vizuri, kama mimi.

Chumba cha nyuma tu sikukiona. Muuzaji anamuuguza baba yake humo, na mzee alikuwa amelala. Niliona haya kumsumbua mgonjwa.

Mama yako

13 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi sikulala. Dalali amenipigia kazini mara mbili, nikaunguza shuka la watu. Anataka nilipe Ijumaa au niache. Hicho chumba kinaninyima raha, lakini nikiikosa nyumba nakuona umekaa nje na masanduku yako. Nilipe? Na huyo mzee, mpelekee machungwa.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya shuka. Usilipe.

Nilipeleka machungwa. Muuzaji akanizuia mlangoni, eti mzee kasinzia. Nikamwambia, "Nije nyumba yenye mgonjwa mara mbili nisimjulie hali, watu watanionaje?" Nikampita. Kitandani hakuna mtu. Kuna mito miwili chini ya blanketi, na nyuma yake ukuta umepasuka toka dari hadi sakafu, kiganja changu kinaingia. Chini unatoa maji.

Nikamuuliza, "Baba alianza kuugua lini?"

Akatazama miguu yake. "Tangu mvua za mwaka juzi, mama."

Ukuta ningeusamehe, mafundi wapo. Lakini mtu aliyemlaza baba wa uongo, sijui kaficha nini kingine. Roho imeniuma, maana lile jiko nililipenda. Machungwa nimerudi nayo.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Mzima? Sijalipa. Nimecheka, kisha nikalia chooni, wenzangu wasione. Dalali hapokei simu zangu. Nimetafuta kila mahali, sijapata. Mwezi unakwisha, mama. Utalala wapi?

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usikonde. Jana mwenye nyumba alikuja na mpangaji mpya, wakague chumba. Nilisimama mlangoni nikawanong'oneza kwamba shangazi yako yuko hoi, ndiyo kwanza kapata usingizi. Wakaondoka kwa kunyata. Mungu anisamehe, mito ninayo miwili tu, ikabidi shangazi yako awe mfupi.

Sasa mwenye nyumba amesema Jumamosi atakuja na mkewe kumjulia hali. Tafuta nyumba upesi.

Mama yako