Jicho Langu Ndani ya Eda

Baba Rukia,

Salamu zikufikie huko uliko, Mungu akulaze pema. Eda imekwisha, na barua hii naiandika kwa jicho langu la kulia. La kushoto, unajua, lilikwenda na surua utotoni. Mistari inapinda kidogo, lakini naiona.

Ulikuwa kitandani siku ile askari wa mamluki aliponipiga kitako cha bunduki jichoni njia ya Itsandra, nikikutafutia dawa. Pumzi zinakukatika, bado unanihimiza: "Jicho lako kwanza, mke wangu. Mimi nipo." Hukukaa sana.

Baada ya mazishi daktari hapa Moroni akasema retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho, imechanika na inabanduka. Nipelekwe Mombasa upesi, la sivyo nitakuwa kipofu. Dada yako Zalia, aliyetoka Mutsamudu kukaa nami msibani, akakataa katakata. Mjane avuke bahari, na kaburi la kakake bado bichi? Hata matone ya dawa aliyaficha. "Mjane hapaki wanja, na haya matone tofauti yake ni chupa tu," akaniambia. Unamjua, akishika neno haachi.

Nikasema naenda. Nilikulilia, na bado nakulilia, lakini sikuona upofu wangu ungekuheshimu vipi. Sheikh akamweleza Zalia kwamba tiba si pambo, na dharura ina ruhusa yake. Akanuna, kisha akafunga mzigo tukaondoka pamoja.

Baada ya upasuaji niliamriwa kulala kifudifudi usiku na mchana, ili hewa waliyoitia jichoni iikandamize retina ishike mahali pake. Zalia akatandika mkeka uvunguni, akalala chali chini yangu, akinisimulia habari za Mutsamudu. Matone alinitia yeye mwenyewe, kwa bismillahi. Eda sikuivunja, niliibeba.

Nilianza kuona mwanga, kisha vidole. Sasa natunga uzi kwenye sindano, taratibu. Daktari anasema halitarudi kama zamani. Sawa. Jumamosi naifungua meza yangu ya vitambaa sokoni Volo Volo, na Rukia shule haachi.

Ila moja linaniuma. Waliponiita nikuage kabla hujafunikwa, giza lilikuwa limeshafika katikati ya jicho. Nilikuona nusu uso, Baba Rukia, na hakuna daktari wa kunirudishia ile nusu.

Binti yako kachukua uso wako wote. Asubuhi namtazama mpaka ananicheka. Kwaheri, mume wangu. Nakuahidi, nitamtazama hadi akue.

Mkeo,
Sitina